Leopold Mozart: Mwalimu wa fidla aliyefunikwa na jina la mwanawe

JINA la Mozart likitajwa, wengi humkumbuka Wolfgang Amadeus, yule mtoto wa ajabu aliyezunguka kasri za Ulaya akipiga kinanda kabla hajatimiza miaka saba. Wachache ndio wanaojua kwamba mwaka uo huo aliozaliwa Wolfgang, 1756, babake alichapisha kitabu cha kufundishia fidla ambacho walimu na wanafunzi wa ala hiyo wangali wanakirejelea. Mzee huyo aliitwa Leopold Mozart, na maisha yake yanastahili kusimuliwa bila kuyapitishia katika kivuli cha mwanawe, ijapokuwa kivuli chenyewe ni kirefu na hakiepukiki.

Mwanafunzi wa fidla mjini Ruiru au Thika anayejiandaa kwa mtihani wa gredi, au kwa Tamasha la Muziki la Kenya lililoanza mnamo 1927, hukumbana na lugha mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni Kiitaliano: alegro, adajio, kantabile, pitsikato, forte na piano, hili la mwisho likiwa na maana ya sauti ya chini wala si kile kinanda kikubwa cha ukumbini. Lugha ya pili ni ya upinde. Juu ya noti hupangwa alama ndogo, moja mfano wa lango lisilo na kizingiti, nyingine mfano wa herufi V. Ya kwanza humwamuru mpigaji avute upinde kuelekea chini, ya pili ausukume kuelekea juu. Asiyezifahamu lugha hizi mbili huweza kupata sauti zote sawasawa na bado wimbo ukasikika kama maneno yaliyosomwa na mtu asiyejua yana maana gani.

Taabu ni kwamba walimu wa fidla si wengi. Chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire of Music kilianzishwa Nairobi mnamo 1944, na tangu hapo mafunzo mengi ya ala hiyo yamekuwa yakipatikana jijini. Mzazi wa Thika anayemtakia mwanawe mafunzo hayo hupiga hesabu ya karo, nauli ya matatu, bei ya ala yenyewe na nyuzi zinazokatika. Wengi huishia njiani. Hesabu hiyo ndiyo iliyomshughulisha Leopold Mozart, karibu miaka 270 iliyopita, alipoamua kuandika.

Johann Georg Leopold Mozart alizaliwa Novemba 14, 1719 katika mji wa Augsburg, kusini mwa Ujerumani ya leo. Babake alikuwa mfunga vitabu, na huenda ndiyo sababu mwanawe aliishi maisha yake yote akivithamini vitabu, karatasi nzuri na chapa safi. Alisomeshwa na mapadri wa shirika la Yesu, akaimba katika kwaya na kuigiza katika michezo ya kuigiza ya shule. Ilitarajiwa kwamba angekuja kuwa kasisi. Babake alifariki mnamo 1736, na mwaka uliofuata kijana huyo akaenda Salzburg kujiunga na chuo kikuu kilichoendeshwa na watawa wa Mtakatifu Benedikto.

Masomo ya falsafa na sheria hayakudumu. Mnamo 1739 alifukuzwa chuoni kwa kutohudhuria madarasa. Mtu huyu ambaye baadaye angekuwa kielelezo cha nidhamu, aliyewaandikia wanawe barua ndefu za kuwaonya dhidi ya uzembe, alianza maisha ya utu uzima kwa kufukuzwa chuoni kwa uzembe! Lakini muziki ulikuwa umekwisha kumteka. Mnamo 1740 aliajiriwa na kabaila mmoja wa Salzburg, akiwa mwanamuziki na mtumishi wa chumbani kwa pamoja, maana katika zama hizo mpiga fidla alihesabiwa pamoja na wapishi na wabeba taa. Mwaka huo huo alichapisha sonata sita, akachonga mwenyewe kwa mkono bamba za shaba za kuzichapia.

Mnamo 1743 aliingia katika kundi la wanamuziki wa Askofu Mkuu wa Salzburg akiwa mpiga fidla wa nne. Mwaka uliofuata alipewa kazi ya kuwafundisha fidla wavulana wa kwaya ya kanisa kuu. Hapo ndipo alipoona jambo lililomkera hata akashindwa kunyamaza. Walimjia wanafunzi waliokwisha kuharibiwa na walimu wa awali: wameshika upinde vibaya, hawajui kuhesabu mapigo ya wimbo, hawaelewi maneno yaliyoandikwa mbele ya macho yao. Ilimbidi kwanza awafundishe kusahau, kisha ndipo awafundishe kujua. Kila aliyewahi kufundisha chochote atakubali kwamba kazi ya kwanza ndiyo ngumu zaidi.

Vitabu vya ala nyingine vilikuwa vimeanza kutoka. Johann Joachim Quantz alikuwa ametoa kitabu cha filimbi mnamo 1752, naye Carl Philipp Emanuel Bach akatoa cha kinanda mwaka uliofuata. Kwa Kijerumani hapakuwa na kitabu kamili cha fidla. Leopold aliketi akakiandika katika mwaka wa 1755, huku akibadilishana barua na mchapishaji wake wa Augsburg, Johann Jakob Lotter, kuhusu nafasi ya kila koma na umbo la kila noti. Katika mojawapo ya barua hizo, ya Februari 1756, alimpasha habari kwamba mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume usiku wa Januari 27 kwa taabu kubwa, na kwamba mama alikuwa dhaifu lakini salama. Mtoto huyo ndiye Wolfgang. Kitabu na mwana vilitoka katika nyumba moja, katika majira mamoja.

Katika dibaji Leopold alieleza kwa nini hakukirefusha kitabu chake zaidi. Hakutaka bei ipande, maana aliyekihitaji kuliko wote ni mhitaji asiyeweza kumlipa mwalimu kwa muda mrefu. Aliongeza kwamba aghalabu watu wenye vipawa vikubwa ndio walio katika umaskini mkubwa, nao wangepiga hatua ndefu kwa muda mfupi lau wangekuwa na kitabu cha kutegemewa mkononi. Maneno hayo ya mfanyakazi wa Askofu Mkuu, aliyekitabarukisha kitabu kwa mwajiri wake kwa lugha ya unyenyekevu kama ilivyokuwa desturi, yalimlenga mtu wa mbali na kasri.

Je, kitabu chenyewe kinafundisha nini? Baada ya utangulizi kuhusu ala za nyuzi na historia ya muziki, kina sura 12. Sura ya kwanza haimruhusu mwanafunzi kuigusa fidla. Sharti ajue kwanza majina ya noti, urefu wa kila moja na jinsi ya kuhesabu mapigo, kisha apewe orodha ya istilahi za Kiitaliano na maana zake, kuanzia zile za kasi kama presto hadi zile za pole kama adajio na largo. Leopold hakuzichukulia istilahi hizo kuwa pambo. Kwake neno alegro halikuwa kipimo cha mbio pekee; lilimwambia mpigaji ni hali gani ya moyo aibebe katika wimbo, uchangamfu usio na pupa. Anayeona neno hilo na kukimbia tu, hajalisoma.

Sura ya pili ndiyo ya kushika ala na upinde. Imeambatana na picha zinazoonyesha mshiko sahihi na mshiko wenye makosa, jambo la manufaa makubwa kwa msomaji asiye na mtu wa kumsahihisha. Alimtaka anayeanza apige kwa nguvu na kwa uthabiti, wala asiogope sauti ya kukwaruza ya siku za mwanzo. Anayeanza kwa woga, akiugusisha upinde kidogo tu juu ya nyuzi, hujizoeza udhaifu utakaomfuata siku zote. Majirani wa mwanafunzi wa fidla huenda wasimshukuru Leopold kwa ushauri huo.

Alizichukia njia za mkato. Walikuwapo walimu waliobandika vijikaratasi vyenye herufi kwenye shingo ya fidla ili mwanafunzi ajue pa kuweka kidole. Leopold aliwakemea waziwazi, akishikilia kwamba sikio ndilo linalopaswa kumwongoza mpigaji. Leo walimu wengi hubandika utepe mahali pale pale, na mwandishi wa makala haya haoni dhambi kubwa kwa mtoto wa miaka mitano. Lakini hoja ya mzee ina uzito: utepe ukidumu miaka mitatu, jicho hulinyang'anya sikio kazi yake.

Sura ya nne inashughulikia mpangilio wa kuvuta na kusukuma upinde. Muziki hugawanywa katika vipimo vidogo vinavyotengwa kwa mistari ya wima, na pigo la kwanza la kila kipimo ndilo zito. Upinde nao ni mzito upande wa mkono na mwepesi kwenye ncha; ukivutwa kuelekea chini kutoka upande wa mkono, uzito wake wenyewe husaidia kuipa sauti nguvu. Kutokana na ukweli huo mdogo Leopold alijenga kanuni yake kuu: pigo la kwanza la kipimo lipigwe kwa mvuto wa kushuka, hata ikibidi mivuto miwili ya kushuka ifuatane. Kisha akaorodhesha hali moja baada ya nyingine ambamo kanuni hiyo hulegezwa. Mwanafunzi wa leo hufunzwa kwa uhuru zaidi, lakini akijikuta kila mara upinde umeishia upande usiofaa, atajua ni kanuni gani aliyoisahau.

Katika sura ya tano ndimo mna kiini cha ufundi wake. Leopold aliona kwamba kila sauti ya fidla, hata ile inayoanza kwa kishindo, hutanguliwa na ulaini mdogo usiosikika kwa urahisi, na huishia katika ulaini kama huo. Pasipo ulaini huo kinachosikika ni kelele. Akapanga mazoezi ya mvuto mmoja mrefu wa upinde. Kwanza sauti ianze chini, ipande katikati, ishuke mwishoni. Pili ianze kwa nguvu na kufifia. Tatu ianze kwa kufifia na kupata nguvu. Nne ipande na kushuka mara mbili ndani ya mvuto huo mmoja. Juu ya hayo, mpigaji ajizoeze kuvuta upinde polepole mno kwa nguvu isiyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Mazoezi hayo hayahitaji wimbo, wala noti, wala mwalimu kando. Yanahitaji uzi mmoja, upinde na subira, na kijana aliye katika chumba cha kupanga mjini Ruiru anaweza kuyafanya jioni ya leo.

Sura zinazofuata zinaonyesha jinsi kifungu kimoja kifupi cha noti kinavyoweza kupigwa kwa namna nyingi, kwa kubadilisha tu zipi zinaunganishwa katika mvuto mmoja na zipi zinatengwa. Noti hazibadiliki, lakini wimbo hubadilika kabisa, kama sentensi inavyobadilika msomaji anapohamisha vituo. Katika sura ya mapambo ya sauti aliwacheka wapigaji wanaotetemesha kila noti kana kwamba wana homa isiyokoma. Wasomi wa baadaye waligundua kwamba baadhi ya mafundisho yake kuhusu mapambo aliyachota kutoka kwa Mwitaliano Giuseppe Tartini bila kumtaja inavyostahili. Dosari hiyo ni ya kweli, nayo haifai kufichwa.

Yafaa kusema pia kwamba upinde wa Leopold haukuwa huu wa leo. Mti wake ulipinda kwa nje, na nyuzi za fidla yake zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Upinde unaouzwa madukani sasa, wenye mti uliopinda kwa ndani kuelekea singa za mkia wa farasi, ulipata umbo lake mwishoni mwa karne ya 18 mikononi mwa François Tourte wa Paris. Hivyo mapigo ya kurukisha upinde juu ya nyuzi, yanayopendwa sana na wapigaji wa sasa, hayakupewa nafasi kubwa katika kitabu cha 1756.

Wala ufundi wa upinde haukuletwa kwetu na Wazungu pekee. Wakikuyu wa maeneo ya Kiambu na Murang'a, ambayo Thika imekaa mpakani mwake, wana wandindi, ala ya uzi mmoja inayopigwa kwa upinde. Waluo wana orutu, Waluhya wana siiriri na Waganda wana endingidi, huku fidla yenyewe ikiwa imekwisha kuwa mwenyeji katika taarabu ya Unguja na Mombasa. Mpigaji wa wandindi hujifunza kwa kuketi karibu na mkubwa wake, macho kwenye mkono na sikio kwenye uzi. Leopold hakuwa na ugomvi na njia hiyo. Alimwandikia yule asiye na mkubwa wa kuketi karibu naye.

Kitabu kilipokewa vyema. Kilitafsiriwa kwa Kiholanzi mnamo 1766 na kwa Kifaransa mnamo 1770. Leopold alikuwa safarini na familia yake huko Haarlem, Uholanzi, mchapishaji alipomkabidhi nakala ya tafsiri ya Kiholanzi, naye Wolfgang, akiwa na umri wa miaka 10, akaombwa kupiga kinanda kikubwa cha kanisa la mji huo. Hiyo ilikuwa sehemu ya safari ya zaidi ya miaka mitatu iliyoanza mnamo 1763 na kuwafikisha Paris na London.

Leopold alikuwa amemwoa Anna Maria Pertl mnamo 1747. Kati ya watoto wao saba, wawili tu ndio waliokua: Maria Anna, aliyeitwa Nannerl, na Wolfgang. Nannerl ndiye aliyeanza kufundishwa, na akawa mpiga kinanda hodari aliyeshangiliwa pamoja na nduguye katika safari za mwanzo. Alipofikia umri wa kuolewa aliachwa nyumbani. Leopold, aliyetambua kwamba umaskini hufukia vipawa, hakuona kwamba desturi nayo huvifukia.

Kuhusu Wolfgang na fidla, rafiki wa familia aliyeitwa Schachtner, mpiga tarumbeta wa kasri, alisimulia kisa kinachopendwa sana. Wanamuziki watatu walikutana nyumbani kwa Leopold kujaribu nyimbo mpya. Mtoto akaomba apige sehemu ya fidla ya pili. Babake akakataa kwa kuwa hakuwa amefundishwa ipasavyo. Mtoto akalia. Schachtner akamwombea apige pamoja naye, na Leopold akakubali kwa sharti kwamba apige kwa sauti ya chini asisikike. Baada ya muda Schachtner akaiweka fidla yake chini kimyakimya, maana alitambua kwamba hahitajiki. Leopold alikuwa akitokwa na machozi. Mwandishi wa kitabu kinachokataza kuigusa fidla kabla ya kujua noti zote alikuwa akimtazama mtoto anayeziruka kanuni zake zote, na fidla ikiitika.

Tangu hapo alipunguza kazi zake mwenyewe. Alipandishwa cheo kuwa naibu wa mkuu wa wanamuziki mnamo 1763, na hakupanda tena hadi kufa. Safari za kumtembeza mwanawe ziligharimu muda, afya na fadhila ya waajiri. Mnamo 1777 Wolfgang aliondoka Salzburg pamoja na mamake kutafuta kazi, naye Leopold akabaki akimtumia barua za kumhimiza asiiache fidla, kwani aliamini kwamba mwanawe angeweza kuwa mpigaji bora kuliko wote Ulaya lau angejitahidi. Wolfgang alikipendelea kinanda. Mama alifariki Paris mnamo Julai 3, 1778, mbali na mumewe. Mnamo 1781 kijana akavunja uhusiano na Askofu Mkuu na kuhamia Vienna, na mwaka uliofuata akamwoa Constanze Weber kabla ridhaa ya babake haijamfikia. Uhusiano wao ulipoa, ingawa haukukatika.

Mapema mwaka wa 1785 Leopold alimtembelea mwanawe Vienna. Katika jioni ya muziki nyumbani humo, Joseph Haydn alimwapia mbele ya Mungu kwamba mwanawe ndiye mtunzi mkuu kuliko wote aliowajua. Leopold alilipeleka neno hilo kwa Nannerl katika barua, bila kulitia chumvi. Mnamo Julai mwaka huo Nannerl alijifungua mwana aliyepewa jina la babu yake, na babu akamchukua amlee Salzburg. Akiwa na miaka zaidi ya 65, aliyapanga tena maisha yake kando ya kitanda cha mtoto, huku akiendelea kufundisha fidla.

Alifariki Mei 28, 1787 na kuzikwa katika makaburi ya Mtakatifu Sebastian, Salzburg. Wolfgang hakuhudhuria mazishi. Mnamo Septemba vitu vya marehemu vilipigwa mnada. Wolfgang akakubali guldeni 1,000 ziwe fungu lake, na akaomba arejeshewe maandishi ya nyimbo zake. Mwaka huo huo toleo la tatu la kitabu cha fidla lilitoka Augsburg, likiwa na mafundisho yale yale kuhusu ule ulaini mdogo unaotangulia kila sauti.